Maswali ya Wasomaji: Kuwataja Wanachama wa Kuhudumu katika Kamati

Katika toleo lililopita tulitangaza kwamba safu hii ingeshughulikia jambo moja tu, yaani namna ya kupendekeza wanachama watakaohudumu katika kamati za vyama vya kisayansi. Barua zilizotufikia zimezidi nafasi tuliyo nayo, kwa hiyo zinazofanana nimeziunganisha na zote nimezifupisha. Nimewahi kuhudumu katika kamati ya mapendekezo ya chama kimoja cha kitaaluma kwa vipindi viwili vya miaka mitatu mitatu. Baadhi ya majibu yangu yanatokana na katiba na kanuni za vyama, na mengine yanatokana na yale niliyoyaona nikiwa upande wa wanaosoma fomu.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanachama wa miaka miwili tu. Katibu wa chama chetu ametuma waraka akiomba majina ya watu wa kujaza nafasi katika kamati za machapisho, elimu, tuzo na maadili. Je, mtu mchanga kama mimi anaruhusiwa kupendekeza? Na ikiwa ninajiona ninafaa, ni utovu wa adabu kujitaja mwenyewe?

Marahaba. Anza na katiba ya chama chako, kwa sababu humo ndimo haki hiyo ilimoandikwa. Sharti la kawaida ni kwamba anayependekeza awe mwanachama hai aliyelipa ada ya mwaka, na anayependekezwa awe hivyo hivyo. Kamati chache, hasa ile ya maadili na ile ya fedha, huwa na sharti la miaka kadhaa ya uanachama, lakini sharti hilo humhusu anayeingia, halimhusu anayetaja. Waraka umekufikia kwa sababu jibu lako linahitajika, na wanachama wachanga wakinyamaza, kamati hubaki na majina ya watu wanaofahamiana tangu zamani.

Kuhusu kujitaja, watu huchanganya mambo mawili yaliyo mbali, tuzo na kazi. Katika Tuzo ya Nobel, mtu anayejipendekeza haingizwi kabisa katika orodha, na sharti hilo lina mantiki yake, kwa kuwa heshima hutolewa na wengine. Kuingia katika kamati ni kujitolea kusoma nyaraka usiku na kuhudhuria vikao. Anayesema “niko tayari kufanya kazi hii” hajajisifu. Vyama vingi sasa huwaalika wanachama wajitaje wenyewe, nami naona ni sawa, kwa kuwa asiye na mkubwa wa kumsemea huachwa nje hata kama uwezo anao.

Jambo moja tu nakuomba: jitaje kwa kamati moja, au mbili zisizopishana sana, na useme utafanya nini humo. Fomu zinazosema “popote mtakaponiweka” zilikuwa zikitupa shida kubwa, kwa sababu hatukujua tumweke wapi mtu ambaye mwenyewe hajajiweka popote. Nakumbuka fomu moja ya mwanachama aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu tu chamani. Alikuwa amesoma taarifa tatu za mwisho za kamati ya elimu, akaona kwamba mpango wa kuwapatia walimu wa sekondari vitini vya majaribio ulitajwa katika taarifa ya kwanza, ukaahirishwa katika ya pili, na katika ya tatu haukutajwa tena. Akaandika kwamba yuko tayari kuufuatilia mpango huo tangu pale ulipoachwa. Hakuna aliyeuliza umri wake wala idadi ya makala zake.

Mheshimiwa Mhariri, nataka kumpendekeza mwenzangu wa maabara aingie katika kamati ya tuzo. Fomu inataka sababu za pendekezo kwa maneno yasiyozidi 300. Nimeandika kwamba ni mchapakazi, mwaminifu, ana makala nyingi na anaheshimika sana. Rafiki yangu ameisoma akasema sijasema kitu. Nimekosea wapi?

Rafiki yako amekutendea wema, na nitalijibu swali lako kwa urefu kuliko mengine, kwa sababu hapa ndipo mapendekezo mengi mazuri yanapopotelea.

Kwanza, ione meza ambayo fomu yako itatua. Wamekaa watu sita au saba, wana fomu 40 au zaidi, na wamepewa siku moja. Wengi wao hawamjui mwenzako. Kila fomu hupata dakika chache, na neno “mchapakazi” wamekutana nalo katika fomu zote zilizotangulia. Neno hilo si la uongo, ila halimtofautishi mtu na jirani yake, na kazi ya kamati ile ni kutofautisha. Fomu kama hiyo haikataliwi kwa ubaya. Huwekwa kando ili irudiwe baadaye, na muda wa kuirudia ukakosekana.

Sasa linganisha maneno yako na haya, ambayo nayatunga kwa mfano wa fomu nzuri nilizozisoma: “Mwaka jana tulimpa muhtasari 14 za mada za mkutano wetu azitathmini, na nusu yake zilikuwa nje ya fani yake. Alizirudisha zote siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho. Kwa mmoja aliandika kwamba njia ya takwimu iliyotumika hawezi kuihukumu kwa haki, akapendekeza ni nani anayeweza. Tulipofika kwenye mada ambayo mmoja wa waandishi wake alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, alisema hivyo mwenyewe, akatoka nje kabla mwenyekiti hajauliza.” Katika maneno hayo hakuna sifa hata moja, lakini msomaji wa fomu tayari anajua kwamba mtu huyu hutimiza ahadi, anaifahamu mipaka ya ujuzi wake, na hahitaji kukumbushwa kuhusu mgongano wa maslahi. Hayo matatu ndiyo yanayohitajika katika kamati ya tuzo.

Pendekezo ni ushahidi. Shahidi husema alichokiona: wapi, lini, na mtu alifanya nini. Kwa hiyo, kabla ya kuandika, tafuta hadidu za rejea, yaani maelezo ya majukumu, za kamati unayomlengea, kwa sababu kila kamati hudai ushahidi wake. Kamati ya machapisho humtaka mtu aliyewahi kuhariri au kutathmini miswada, na aliyewahi kumweleza mwandishi kwamba makala yake haifai bila kumvunja moyo. Kamati ya maadili humtaka mtu anayeweza kusikiliza pande mbili, kisha akafunga mdomo. Kamati ya fedha humtaka mtu anayesoma jedwali la mapato na matumizi hadi mstari wa mwisho, hata kama katika maisha yake yote hajaandika makala moja ya fedha. Orodha ya machapisho ni ushahidi wa utafiti, wala haisemi lolote kuhusu tabia ya mtu kikaoni. Nimewajua watafiti wenye majina makubwa ambao hawakufungua hata ukurasa mmoja wa nyaraka za kikao.

Usiogope kutaja upungufu. Ukiandika kwamba mwenzako yuko safarini kwa utafiti miezi mitatu kila mwaka, lakini huhudhuria vikao kwa mtandao bila kukosa, kamati itaamini na yale mengine uliyoyasema.

Jambo la mwisho kwako ni uzito wa jina kuandikwa au kutoandikwa. Mwaka 1903 wanachama wanne wa Akademia ya Sayansi ya Ufaransa waliandika pendekezo la Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi ya mnururisho, yaani miali inayotolewa na baadhi ya elementi. Walimtaja Henri Becquerel, wakamtaja Pierre Curie, na Marie Curie wakamwacha, ingawa kazi hiyo walikuwa wameifanya pamoja. Mwanahisabati wa Sweden, Gösta Mittag-Leffler, aliliona hilo akamwandikia Pierre, naye Pierre akajibu kwamba, kama kweli anafikiriwa, angependa afikiriwe pamoja na mkewe. Jina la Marie lilikuwa limewahi kuwasilishwa mwaka uliotangulia, na hilo likasaidia kumwingiza. Wote watatu walitunukiwa mwaka huo. Kamati hufanya kazi na karatasi iliyo mbele yake, na kama asingetokea mtu mmoja aliyetazama karatasi ile akaona pengo, Marie angeachwa na watu waliokuwa wakiifahamu vema kazi yake.

Ndugu Mhariri, nilimpendekeza mwalimu wangu wa zamani kuwa mwenyekiti wa kamati ya elimu, nikitaka iwe zawadi ya kumshtukiza kwa furaha. Aliposikia kutoka kwa katibu alinikasirikia. Je, nilimkosea?

Ndiyo, ulimkosea, ingawa nia yako ilikuwa safi. Ulimwahidia muda wake bila kumwuliza. Huenda alikuwa na mgonjwa nyumbani, huenda alikuwa amekwisha kukubali kazi nyingine, au huenda ana tofauti na kamati hiyo ambazo hukuzijua, na kwa kulitaja jina lake hadharani ulimfunga katika hali ya kukubali asichokiweza au kukataa mbele ya watu.

Ridhaa hutangulia fomu. Mpigie simu au mwandikie, umweleze ni kamati gani, kipindi chake ni miaka mingapi, hukutana mara ngapi, na kwa nini umemfikiria yeye. Umpe siku kadhaa za kutafakari, na umwambie wazi kwamba kutajwa si kuteuliwa, ili asije akapanga ratiba yake juu ya jambo ambalo halijaamuliwa. Vyama vyenye utaratibu mzuri huweka katika fomu nafasi ya sahihi ya anayependekezwa. Mwombe mwalimu wako radhi, na mwakani umwulize kwanza.

Mheshimiwa, kila mwaka tunaombwa majina, na kila mwaka wanaoteuliwa ni wale wale: waliokuwa kamati ya tuzo wanahamia ya machapisho, wa machapisho wanahamia ya maadili. Wengi wanatoka katika taasisi mbili tu, na wanawake ni wachache mno. Je, kuna haja ya kuendelea kupendekeza? (Barua nne zilikuwa na swali hili.)

Haja ipo, na malalamiko yenu ni ya haki. Nawaomba mnivumilie nieleze jinsi hali hiyo inavyotokea, kwa sababu dawa inategemea chanzo.

Katika mwaka wangu wa kwanza tulikuwa na nafasi 11 za kujaza, na mapendekezo yaliyotoka kwa wanachama yalikuwa manne. Majina yaliyobaki yalitoka wapi? Yalitoka vichwani mwetu. Saa kumi jioni, watu wamechoka, mmoja husema, “Yule tuliyekuwa naye kwenye kamati ya mkutano alifanya vizuri,” na wote wanakubali kwa sababu wote wanamfahamu. Kumbukumbu ya mtu humwendea yule aliyekaa naye. Sikuona hila katika chumba kile, lakini matokeo yalikuwa yale yale ambayo hila ingeyaleta, na waliokuwa mbali nasi waliendelea kuwa mbali.

Kuna pia milango iliyofungwa kwa makusudi, na historia ya vyama vya kisayansi imejaa mifano yake. Mwaka 1902 jina la Hertha Ayrton, mhandisi na mwanafizikia aliyelichunguza tao la umeme (mwale wa umeme unaoruka kati ya ncha mbili), lilipelekwa Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, ili awe mwanachama wake. Wanasheria walishauri kwamba mwanamke aliyeolewa hawezi kuchaguliwa kisheria. Miaka minne baadaye, mwaka 1906, chama hicho hicho kilimpa Medali ya Hughes kwa utafiti wake, kikiwa bado kimemfungia mlango wa uanachama. Wanawake wa kwanza kuchaguliwa, Kathleen Lonsdale na Marjory Stephenson, waliingia mwaka 1945. Linnean Society, chama cha wanabiolojia, pia cha London, iliombwa mwaka 1900 na Marian Farquharson iwapokee wanawake. Ilipokubali na kuwachagua wa kwanza mwishoni mwa 1904, yeye aliyekuwa amebisha hodi kwa miaka yote hiyo aliachwa, akaja kuingia mwaka 1908. Kila ninapokisoma kisa chake hunichoma, kwa kuwa naufahamu ule ukimya wa kikao unaotosha kulipitisha jina la mtu pembeni bila yeyote kusema neno baya juu yake.

Milango kama hiyo ilifunguliwa kwa kubadilisha kanuni, na kanuni hubadilishwa na wanachama waliohudhuria mkutano mkuu. Yapo mambo mnayoweza kuyadai bila kumtukana mtu yeyote. La kwanza ni ukomo wa vipindi: mtu akimaliza kipindi chake, au viwili, akae nje kwa muda uliotajwa kabla ya kurudi katika kamati yoyote, si ile aliyotoka tu. Vipindi hivyo vipishane, ili kila mwaka theluthi moja ya wajumbe watoke, ama sivyo mtakuja kuwa na kamati nzima ya watu wasiojua faili liko wapi.

La pili ni kuhusu nani anaichagua kamati ya mapendekezo yenyewe. Henry Martyn Robert, afisa mhandisi wa jeshi la Marekani ambaye kanuni zake za vikao zilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876 na hutumiwa na vyama vingi mpaka leo, ameacha mwongozo ambao unashikilia kwamba mwenyekiti wa chama asiteue wajumbe wa kamati ya mapendekezo wala asiwe mjumbe wake kwa wadhifa. Mwongozo huo una maana kubwa, kwani anayeshika orodha ya majina ndiye anayeshika kesho ya chama. Someni katiba yenu muone inasemaje kuhusu hilo. Katika vyama kadhaa nilivyovifahamu, haisemi kitu.

La tatu ni njia ya pembeni ya halali. American Mathematical Society, chama cha wanahisabati cha Marekani, kwa mfano, huwaruhusu wanachama kuingiza jina katika kura ya viongozi kwa kukusanya sahihi, hata kama kamati ya mapendekezo haikulitaja. Chama hicho pia kina kamati ambayo kazi yake ni kumshauri rais wake kuhusu watu wa kuwaweka katika kamati nyingine, kwa maana kwamba suala la nani akae wapi limepewa watu wake na meza yake, halikuachwa liwe jambo la mwisho katika ajenda ya kikao kilichochoka. Naupenda sana utaratibu huo.

Na la nne ni dogo, lakini kwetu lilileta matunda haraka kuliko yote: tulimwomba katibu atutayarishie orodha ya wanachama hai ambao hawajawahi kuhudumu katika kamati yoyote, pamoja na fani zao. Ilikuwa ya kurasa nyingi, na ikawekwa mezani kabla hatujaanza kutaja majina ya vichwani. Mwaka huo nafasi sita zilikwenda kwa watu ambao hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kukutana nao. Kwa hiyo endeleeni kupendekeza, tena kila anayelalamika alete jina moja la mtu aliyekwisha kumwuliza, na maelezo ya alichomwona akikifanya. Majina manne kwa nafasi 11 ni mwaliko wa kurudia yale yale.

Ndugu Mhariri, mimi ni mjumbe wa kamati ya mapendekezo. Miongoni mwa waliopendekezwa yumo mwanafunzi wangu wa uzamivu, na mtu mwingine amenitaja mimi mwenyewe kwa kamati ya machapisho. Nifanye nini?

Kuhusu mwanafunzi wako, mjulishe mwenyekiti kwa maandishi kabla ya kikao, kisha jina lake likifika utoke chumbani, na kutoka kwako kuandikwe katika kumbukumbu. Usibaki umekaa kimya ukidhani kunyamaza kunatosha. Wajumbe hushindwa kusema wanachokifikiri mbele ya uso wako, na mwanafunzi wako akiteuliwa kwa haki bado watasema ulimbeba, na yeye ndiye atakayelibeba neno hilo kwa miaka. Hali ni hiyo hiyo kwa mke au mume, ndugu, mbia katika mradi wenye fedha, na pia kwa mtu mnayehasimiana naye, jambo ambalo husahauliwa mara nyingi. Chuki nayo ni maslahi.

Kuhusu wewe mwenyewe, mwongozo wa Robert hauwazuii wajumbe wa kamati ya mapendekezo kupendekezwa, kwa hoja kwamba chama kingeweza kuwafungia nje watu wake wazuri kwa kuwaweka tu katika kamati hiyo. Naielewa hoja hiyo, lakini pale ambapo kamati yenyewe ndiyo inayoteua, na hakuna kura ya wanachama inayofuata, mimi ningejiuzulu ujumbe kwanza au ningelisubiri jina langu hadi mwaka unaofuata. Angalia pia kanuni zenu, kwa kuwa vyama vingine vinakataza waziwazi.

Mheshimiwa, nilipendekezwa mwaka jana kwa kamati ya tuzo, nikatoa ridhaa, nikatuma wasifu wangu, kisha kimya. Nilikuja kuona majina ya wengine katika jarida la chama. Je, nina haki ya kuuliza sababu?

Unayo haki ya kujibiwa, na kimya ulichofanyiwa ni kosa la chama. Barua fupi ya kumjulisha mtu kwamba safari hii hakuteuliwa, na kwamba jina lake litahifadhiwa, huandikwa kwa dakika tano. Asiyeandikiwa hatakubali kutajwa tena, na tumempoteza.

Sababu zenyewe ni jambo tofauti. Mijadala ya uteuzi huwa siri ili wajumbe waweze kusema kweli. Kumbukumbu za mapendekezo ya Tuzo ya Nobel, kwa mfano, hufungwa kwa miaka 50, na kamati ya Medali ya Fields, tuzo ya hisabati, humtangaza mwenyekiti wake tu, majina ya wajumbe wengine yakabaki siri hadi siku ya kongamano ambako medali hutolewa. Kwa hiyo usiulize “nani alinipinga.” Mwulize katibu kama fomu yako ilikuwa kamili, kama jina lako litabaki katika orodha ya mwaka huu, na kama kuna fani ambayo kamati inaihitaji zaidi. Mara nyingi jibu liko hapo: kamati ilikuwa tayari na wanakemia watatu, nawe ukaja ukiwa wa nne. Mwanafizikia Lise Meitner alipendekezwa zaidi ya mara 40 kwa Tuzo ya Nobel asiipate, na leo hakuna anayesema kwamba hakustahili. Wanaoulizwa ni walioamua.

Ndugu Mhariri, nimetajwa kwa kamati ya maadili na nimepewa wiki mbili kujibu. Naheshimu kuombwa, lakini naogopa kazi yenyewe. Nawezaje kujua kama nikubali, na nikikataa nitumie maneno gani?

Mtafute mjumbe anayemaliza kipindi chake, si mwenyekiti, umwombe nusu saa. Mwulize alitumia saa ngapi kwa mwezi katika mwezi mtulivu, na ngapi pale lilipokuja shauri zito. Mwulize nyaraka hufika siku ngapi kabla ya kikao, kama akidi hutimia, na kama alipata kulala vizuri wakati wa shauri gumu kuliko yote. Katika kamati ya maadili swali hilo la mwisho ni la lazima, kwa sababu utakuja kusoma tuhuma dhidi ya watu unaowajua na hutaruhusiwa kumwambia mtu yeyote nyumbani.

Ukiona utaweza, kubali kwa maandishi na utaje mapema siku ambazo hutakuwepo. Ukiona hutaweza, kataa sasa, wiki mbili hazijaisha, kwa sentensi mbili zisizo na visingizio: unashukuru, na kwa mwaka huu huwezi kuipa kazi hii muda inaostahili. Kama ungependa kufikiriwa tena, sema ni mwaka gani. Na kama unamjua mtu anayefaa, mwulize kabla hujatuma jibu lako, akikubali uliandike jina lake chini, pamoja na mistari mitatu ya kile ulichomwona akikifanya.